Bastola ya Pinki Kwenye Pochi ya MC Wetu, Hebu Tuongelee Triga

Leo sina habari ya nani kaachana na nani. Kuna dada mmoja hapa Houston, mshereheshaji, ambaye kama umewahi kuhudhuria harusi ya Waswahili kati ya hapa na Dallas basi sauti yake unayo masikioni. Jina nahifadhi. Mkimtaja kwenye komenti nafuta, na mnanijua kwa kufuta.

Mwezi uliopita alipost picha ya pochi mpya. Pembeni ya lipstiki na funguo za gari kuna kitako cha bastola, rangi ya pinki. Watu wakamwaga moto na mataji, wengine wakamwita malkia. Katika komenti zote zile hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana: hiyo kitu ukiivuta inalia?

Kabla hamjaanza kusema anajishaua, sikilizeni. Harusi zetu mnazijua, zinaisha saa tisa usiku. Pesa za kutunzwa ni kashi, zinajaa bahasha mbili tatu. Usiku mmoja gari lilimfuata kutoka ukumbini mpaka kituo cha mafuta, likapaki nyuma yake, likazima taa. Bahati yake polisi wawili waliingia kununua kahawa, lile gari likaondoka taratibu. Tangu siku hiyo dada wa watu usingizi hana. Kwa hiyo mi kwenye suala la kwanini alinunua simsemi.

Ila ana kijana wa miaka 4 ambaye kazi yake ni kupekua pochi ya mama akitafuta simu. Unaona sasa? Hofu ya nje na hofu ya ndani, zote kwenye pochi moja.

Alinipigia mimi kwa sababu nilifanya usafi mwaka na nusu kwenye kiwanja cha shabaha, nikiokota maganda na kuwasikiliza wazee wa kule wakibishana. "Mdogo wangu, nisindikize ukaniangalizie hii kitu." Nikamwambia sawa dada, ila usije na risasi za mazoezi tu, njoo na zile utakazotembea nazo.

Kwa wadau wa nyumbani ambao mnashangaa: Bongo bastola ina leseni yake na maswali ya polisi, sheria ya 2015 iko wazi. Texas ni dunia nyingine. Kuanzia Septemba 2021, mwenye miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haijamzuia kumiliki silaha anaweza kutembea na bastola bila leseni ya kubebea. Hakuna mtu anayekulazimisha kwenda kusoma kwanza. Ndo maana mtu anaweza kuchagua mguu wa kuku kama anavyochagua kava la simu.

Haya, triga. Bastola ya dada ni ya aina inayoitwa dabo aksheni tupu. Maana yake triga inafanya kazi mbili kwa mvuto mmoja: inairudisha nyundo nyuma, afu inaiachia igonge. Kila risasi ni hivohivo, ya kwanza mpaka ya mwisho. Ndo maana mvuto wake ni mrefu na mzito, kuanzia kama kilo 3 na nusu mpaka 5 na zaidi. Nyingi hazina hata sefti ya kubonyeza, kwa sababu ule uzito wenyewe ndo sefti. Lazima udhamirie.

Mnaomfuatilia yule mchezaji wa mpira wa Kimarekani, yule aliyedaka pasi ya ubingwa mwanzoni mwa 2008, mnajua kilichomkuta Novemba ya mwaka huohuo. Aliingia klabu New York na Glock ameichomeka kwenye suruali ya mazoezi, bila ala. Ikateleza kuelekea mguuni, akaikimbilia kwa mkono, kidole kikakuta triga. Akajipiga pajani mwenyewe. Akahukumiwa miaka 2. Glock ya kawaida triga yake ni kilo 2 na nusu hivi na safari yake ni fupi. Sisemi triga nzito ingemwokoa, kosa la kwanza ni kukosa ala. Ila ukiniuliza kitu gani kikae ndani ya pochi yenye funguo, vibanio na mkono wa mtoto, nitakuambia mvuto mrefu kuliko mfupi, bila kufikiri mara mbili.

Kwa hiyo nilipoikamata ile ya pinki nikaitoa risasi, nikaangalia chemba mara mbili, nikavuta taratibu. Kusema ukweli triga yake nimeipenda. Inaanza laini, inaendelea laini, haikwamikwami katikati kama kitasa kibovu. Mwishoni haiongezi uzito ghafla. Kasoro yake ni kurudi. Ili ipige tena lazima uiachie mpaka mwisho kabisa, ukiishia nusu njia unavuta hewa. Dada alivyoanza kupiga, mara mbili akasema imekwama. Haijakwama bwana, hajaiachia. Sasa fikiria hilo likutokee pale kituo cha mafuta, mikono inatetemeka.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawakuambii: bastola yenyewe ina uzito wa nusu kilo hivi, na triga inataka kilo 4. Yaani nguvu ya kidole ni mara nane ya uzito wa kitu unachojaribu kukituliza. Lazima mtutu uyumbe. Risasi zake za kwanza, kutoka mita 5 tu, zote zilienda chini kushoto. Siku hiyo ndo nilielewa lawama za New York 2012, pale nje ya jengo la Empire State, polisi wawili walipompiga risasi muuaji mwenye silaha. Walifyatua risasi 16, na wapita njia 9 wakajeruhiwa na risasi za polisi au vipande vyake. Polisi wa kule bastola zao zilikuwa na triga za kilo 5 na kitu, na wapo walioilaumu hiyo triga. Kwa hiyo uzito unakulinda na ajali, afu unakudai mazoezi. Usipolipa wewe atalipa mpita njia.

Tukaja kwenye kuaminika, na hapa ndo tulipokorofishana.

Wazee wa kule kiwanjani wana utaratibu wao: bastola ya kujilindia ipige kama risasi 200 za mazoezi na angalau 50 za kujilindia bila kugoma ndipo uibebe. Sisi tulianza na 100. Mara moja ganda lilibana wima kwenye tundu la kutokea. Mara mbili triga ilivutwa, nyundo ikagonga, kimya. Nikaziokota zile mbili. Kwenye kitako cha risasi kulikuwa na kitobo chepesi mno, kama mtu kagusa na kalamu.

Ganda kubana linaweza kuwa la mpigaji. Bastola ndogo ina slaidi fupi na springi kali, mkono ukilegea slaidi haimalizi safari. Basi nikachukua mimi, nikashika kwa nguvu, ganda halikubana tena. Hilo nikaliandika kwa dada. Lakini nyundo kugonga kizembe haina uhusiano na mkono wako, na mimi pia ilinigomea. Tukasafisha, tukapaka mafuta, tukabadilisha aina ya risasi. Ikagoma tena. Zile za kujilindia, zenye tundu kichwani, katika 20 mbili ziligota mlangoni mwa chemba hazikuingia.

Dada akasema, "Si ukivuta tena inalipuka?" Kweli, hiyo ni faida ya dabo aksheni halisi: risasi ikigoma unavuta triga tena, nyundo inagonga mara ya pili. Zipo zinazoitwa dabo aksheni ambazo haziwezi, mpaka urudishe slaidi, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Ya kwake inaweza, na moja kati ya zile risasi ililipuka kwa mvuto wa pili. Moja. Nikamwambia dada yangu, hiyo faida ni ya siku risasi ikiwa mbovu, siyo ya kufichia bastola mbovu. Kiwanda sikitaji, na sisemi zote za aina hiyo ziko hivo. Nasema hii.

Alininunia njia nzima. Nadhani kilichomuuma zaidi ni picha, watu elfu mbili wameshaipenda.

Tukiwa kwenye gari nikamsomea habari ya Idaho, Desemba 2014. Mama mmoja dukani, bastola iko kwenye pochi maalumu yenye mfuko wake wa zipu. Mwanae wa miaka 2 akapenyeza mkono. Mama akafa palepale. Hakujibu kitu. Baada ya dakika kama kumi akauliza masanduku madogo ya kufungia bastola yanauzwa wapi.

Sasa hivi ya pinki imerudi dukani na amechukua revolva ya Smith & Wesson 642, nyeusi na fedha, haina mvuto wowote kwenye picha. Risasi 5 tu. Nyundo imefichwa ndani kwa hiyo hainasi nguo. Triga ni nzito kuliko ile, na kwa sababu ni nyepesi kubeba inapiga kiganja kama fimbo ya mwalimu. Ila haina slaidi ya kuvuta, na risasi ikigoma unavuta tena inakuja nyingine mpya. Kwenye 200 za kwanza haijagoma. Inakaa kwenye ala iliyofunika triga, kwenye mfuko wake peke yake, lipstiki zimehamishwa. Ningependa aivae mwilini, lakini nyie mnajua magauni ya MC, utaichomeka wapi?

Na sehemu zenye lile tangazo jekundu la 51%, yaani zinazoishi kwa kuuza pombe, hairuhusiwi kuingia nayo kabisa. Ukumbini kwenyewe pochi anaiacha meza kuu akishika maiki, kwa hiyo tumekubaliana ibaki garini, kwenye sanduku lililofungwa kwa waya. Maana yake ile safari ya kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, saa tisa usiku na bahasha mkononi, hana kitu. Kwa hiyo ameongeza sharti kwenye mkataba wake: kamati itoe watu wawili wa kumsindikiza mpaka awashe gari. Kamati moja imeshalalamika. Nawajua, na wao nawahifadhi.

Kila jioni anafanya zoezi la sarafu. Revolva tupu, risasi zimefungiwa chumba kingine, mtoto amelala. Unaweka sarafu juu ya mtutu, unavuta triga mpaka nyundo igonge, sarafu isidondoke. Wiki ya kwanza ilikuwa inadondoka kila mara. Juzi kanitumia video, mara nane mfululizo imetulia. Angalieni mikono yake harusi ijayo: kucha zote ndefu kama kawaida, isipokuwa ya kidole cha shahada mkono wa kulia. Hiyo kaikata.