Siku ya 14 Nilikuwa Taveta

Kosa ni langu. Nimefundisha hesabu miaka 22, na nilishindwa kuhesabu mpaka 14.

Nilikuwa katibu wa kamati yetu hapa Gazi. Kesi ilihusu njia ya kushukia bandarini, ile waliyoipita wavuvi na mama karanga, wale wanawake wakaanga samaki, tangu enzi za babu zetu, hadi alipotokea mtu na hatimiliki akaiziba kwa mabati. Januari 2018 mahakama ya ardhi Mombasa ikatukatalia. Wakili akataja rufaa. Sikumsikiliza. Tarehe 26 Mei mwaka uliotangulia nilikuwa nimesikia redioni kwamba Waogiek wa Mau wameishinda Serikali ya Kenya kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, nikajiambia: ya nini kubisha hodi kwa mtoto na mwenye nyumba yupo?

Kamati ikachanga. Nikanunua mkoba. Nikapanda basi la Voi, nikalala Taveta, asubuhi nikavuka Holili. Arusha nikapigiwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri huo nikarudi nayo kama kombe. Miezi 5 niliitoa mkobani kila penye baraza.

Idi ilipofika, binti wa jirani, ambaye ni wakili, akaja kwao. Akasoma karatasi zote kimya.

"Mwalimu, notisi ya rufaa iko wapi?"

Nikamwambia hayo tumeshayavuka.

Akashusha kalenda ukutani, akahesabu kwa kidole tangu siku ya hukumu. Notisi hutolewa ndani ya siku 14. Kidole kilipotua niliitambua tarehe: ndiyo usiku niliolala Taveta, nikila nyama choma kwa pesa ya kamati. Nilielewa kabla hajafungua kinywa.

Alinieleza taratibu, kama aelezwavyo mgonjwa. Kenya iliridhia itifaki ya mahakama ile mwaka 2004, lakini haikuweka tamko la kuruhusu raia waingie wenyewe. Waogiek walipitia Tume ya Afrika, Banjul, na Tume ndiyo iliyofungua kesi Arusha mwaka 2012. Huko nako huulizwa: mahakama za kwenu mmezimaliza? Serikali iliwawekea Waogiek pingamizi hilohilo. Likaanguka, kwa sababu walikuwa na kesi chungu nzima za nyumbani. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikuwa imewakatalia. Redio ilinipa harusi, haikunipa posa. Upo msamaha pale mahakama za nchi zinapokokota kesi kupita kiasi, ila zetu hazikukokota. Mimi ndiye niliyezikimbia. (Arusha kuna mahakama nyingine, ya Afrika Mashariki, isiyouliza swali hilo. Yenyewe hutoa miezi 2 tu, nayo ilikuwa imepita.)

Tuliomba kuongezewa muda. Sababu ya kuchelewa niliiandika mwenyewe kwenye hati ya kiapo, na kuisoma ilitosha kunichekesha. Ombi likakataliwa, gharama juu yetu. Mabati yapo. Mama karanga huzungukia upande wa mikoko, na maji yakijaa husubiri na beseni kichwani.

Hawajanitukana. Ila yupo mmoja ambaye kila akinipita husema, "Mwalimu, habari za Arusha?"