Altezza yangu na njia ya Kahororo

Ndugu msomaji, leo sina habari ya waziri wala ya kikao cha madiwani. Leo nakiri upuuzi wangu mwenyewe.

Sisi vijana wa Bukoba mnatujua. Mtu akipata ajira ugenini, Desemba lazima arudi nyumbani na kitu cha kuonekana. Ndiyo maana wenzetu wanatuita nshomile. Mimi nilipopata Altezza kuukuu, niliona haitoshi. Gari hilo Toyota walilitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005, na taa zake za nyuma zilivuma hadi Marekani, vijana huko wakafunga za mtindo huo kwenye magari ya kampuni nyingine wakiziita taa za Altezza. Sasa mimi niwe nalo halafu libaki kama lilivyotoka kiwandani? Haiwezekani!

Nikamwendea fundi mmoja Mwanza. Akanifungia bodi kiti kamili: bampa mbili, sketi za pembeni na spoila, vyote vya faiba. Akakata springi ili gari likae chini, akapiga rangi upya. Jumla shilingi 900,000. Alinishauri nianze na shokapu na matairi. Nikamjibu kwamba hayo hayaonekani.

Kwa kweli vifaa vile asili yake ni mashindano. Bampa na sketi hupunguza hewa inayopita chini ya gari, spoila hukandamiza nyuma, ili gari lishike barabara kwenye mwendo mkali. Kwetu, penye makazi ya watu, mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Spoila yangu haikuwa na kazi yoyote.

Desemba 2025 nikavuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni mwaka huohuo, nikafika Bukoba salama. Lami inasamehe. Watoto wa Kahororo wakalizunguka gari, wazee wakauliza bei, nami kichwa kikavimba.

Usiku wa tatu mvua ilinyesha sana. Ilipokatika, saa nane hivi, Mama akabanwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imeisha. Nikamwingiza garini. Hatukufika mita 200. Njia ya kutoka kwetu ina makorongo na mawe. Bampa ikagonga jiwe ikapasuka, maana faiba haipindi. Mbele kidogo gari likakalia sketi, matairi yakawa yanazunguka bure kwenye matope. Mama yuko pembeni yangu anahangaika kupata pumzi. Jamani, sijawahi kuogopa namna ile.

Aliyetuokoa ni kijana jirani mwenye bodaboda, pikipiki chakavu isiyo hata na vioo vya pembeni. Tukampakia Mama katikati, mimi nyuma nimemshika. Hospitali wakamhudumia, alfajiri akaanza kuongea. Neno lake la kwanza:

"Mwanangu, lile gari ulinunua la kupanda au la kutazama?"

Sikuwa na jibu. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa nimerudisha springi nzima, nimefunga shokapu mpya na matairi yenye meno. Sketi moja iliyopona Mama ameifunga kwenye paa la jiko, inakinga maji ya mvua na kuyapeleka kwenye pipa. Inafanya kazi vizuri kuliko ilipokuwa kwangu.

Sisemi msipambe magari. Pambeni, lakini kaikagueni kwanza njia ya kwenu.