Picha za Rangi za Maji, Bila Kioo

Wengi wetu hapa Lweba tumekimbia vita na mtoto mgongoni, picha zote zikabaki nyuma. Ndiyo maana picha ambayo mtoto amechora kwa rangi za maji, tunaitunza. Lakini kioo ni cha bei, tena kinavunjika njiani.

Kule Bukama, Katanga, Albert Lubaki alikuwa anachora kwenye kuta za nyumba. Mwaka 1926 Mbelgiji Georges Thiry akampa karatasi na rangi za maji, ili kazi isipotee na mvua. Mke wake, mama Antoinette, naye alichora. Mwaka 2015, picha zao zilionyeshwa Paris. Karatasi ikitunzwa, inadumu kuliko ukuta.

Sisi tunafanya hivi. Tunabandika karatasi juu ya kipande cha tripleksi kwa gundi kidogo, tunaweka kitu kizito juu mpaka ikauke. Halafu tunapaka nta ya nyuki laini, kidogo sana, kwa kitambaa kikavu. Tunaanza kujaribu kwenye karatasi nyingine, kwa sababu nta inakoleza rangi, na ikiingia haitoki. Seremala anapiga vijiti vinne pembeni: kadre tayari.

Tundikeni mbali na jua na moshi wa jiko. Wekeni vijiti nyuma, picha isiguse ukuta wenye unyevu. Vumbi mpanguse kwa kitambaa kikavu, maji hapana.

Na nyuma ya picha muandike jina la mtoto na mwaka.