Chuma Kigumu Ndani ya Chuma Laini

Nimeifunga karakana yangu ya uhunzi hapa Manzese, na madhali mikono haina tena kazi ya nyundo, nimeona ni wajibu niandike habari za kazi hii kabla hawajatoweka wote walioijua. Kilichonihimiza zaidi ni kisu alichoniletea binti yangu kutoka Japani, kisu cha mpishi kilichofuliwa kwa mkono huko Sakai, mji ulio jirani na Osaka, ambao mafundi wake walipata sifa tangu zama za kufua visu vya kukatia tumbaku iliyoletwa na Wareno.

Utoto wangu hauna habari nyingi. Nilizaliwa Kilwa Kivinje, nikasoma chuoni na kidogo shuleni, nikapanda lori kuja Dar es Salaam kutafuta riziki, nikapokewa na mjomba wangu Manzese, wakati nyumba nyingi zilikuwa za miti na udongo, kabla ya ule mradi wa miaka ya 1970 wa kuboresha makazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mjomba ndiye aliyenikabidhi kwa fundi.

Fundi huyo alikuwa mzee wa Kifipa, mchache wa maneno, aliyerithi uhunzi kwa wazee waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika malungu, zile tanuri za udongo zinazopita kimo cha mtu, ambazo magofu yake yangaliko katika nyanda za juu za Ufipa. Malungu hakuja nayo mjini. Alikuja na fuawe, mivukuto, na itikadi moja asiyoilegeza kamwe, kwamba kisu cha jikoni hakifuliwi kwa chuma cha namna moja. Alichukua tupa kuukuu, akakata kipande chembamba, akakipachika katikati ya chuma laini alichokipasua, akanyunyiza mchanga laini, akavipika pamoja hata vikakaribia kurusha cheche, kisha akavigonga kwa nyundo ndogo, upesi upesi, mpaka vikashikana. Makali aliyatafuta katika tupa, na ustahimilivu katika kile chuma laini kilichoikumbatia. Kukitia kisu maji hakukubali kabla jua halijatua, kwa kuwa mwanga wa mchana huficha rangi ya moto, naye alitaka wekundu wa chikichi lililoiva, usiozidi wala kupungua. Ndipo hukizamisha majini, halafu hukirudisha kwenye joto la upole hadi kigeuke manjano hafifu.

Mwenzangu mmoja tuliyefunzwa pamoja aliipinga njia hiyo tangu siku za mwanzo. Yeye alisema: chukua springi ya lori, ifue, izamishe katika oili chafu, umemaliza, hayo mengine ni kuteketeza mkaa bure. Katika miaka ya uhaba iliyofuata vita vya Kagera, kila kilichokata kilinunuliwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kutuamulia. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na visu rahisi vya viwandani vikajaa sokoni, mwenzangu alinunua grainda akageukia mapanga, na wateja wangu akawa anawaambia kwamba visu vya maji hupasuka. Neno hilo lilinipunguzia riziki, na sikulijibu wakati ule. Nalijibu sasa. Springi ina kaboni ya kadiri ya nusu asilimia na ziada kidogo, nayo ikitiwa maji ni kweli hupasuka, mafuta ndiyo stahili yake. Tupa ina kaboni ipatayo asilimia moja au zaidi, nayo ikitiwa mafuta aghalabu haifikii ugumu wake. Tulikuwa tukigombana juu ya vyuma viwili kana kwamba ni kimoja.

Ndipo nikakishika hiki kisu cha Sakai. Kwanza ni chepesi kupita nilivyotazamia, na uzito wake unatulia pale ubapa unapokutana na mpini. Nilipokielekeza dirishani niliona mstari wa mawimbi kandokando ya makali, juu yake chuma kilichofifia, chini yake chuma king'aacho, na moyo wangu ulidunda, kwa maana hiyo ilikuwa kazi ya mzee wangu: chuma cha kaboni, wanachokiita shirogami, kimefungwa ndani ya chuma laini. Huko Sakai mmoja hufua, mwingine hunoa, mwingine hutia mpini, ilhali sisi tulifanya yote peke yetu. Lakini nao hulitia giza banda lao ili waisome rangi ya moto.

Nyanya nilikata bila kusukuma, na punde kisu kikaingia doa la buluu, kwani chuma cha namna hii kinataka kufutwa na kukaushwa kila mara. Mpini wake, wa mti mwepesi wenye shingo ya pembe ya nyati, hauna ribiti hata moja, na hilo sikulipenda. Majikoni mwetu kisu hulala ndani ya beseni la maji.

Nanyi vijana mnaonoa kwa grainda, nawasihi acheni! Makali yakigeuka buluu kwa joto, ugumu wake umekwisha, na mwenye kisu mmemwibia. Tumieni kinoo na maji, hata kama mteja ana haraka.

Mwenzangu alikuja kukitazama. “Mzee mwenzangu,” akasema, “kipige kwenye mfupa wa mbuzi tukione.” Nikakataa, nikamwambia mfupa una panga lake, la springi, lililotiwa mafuta, nami nitalinunua kwake. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza ni nani hapa Manzese atakayelipa gharama ya mkaa wa kisu cha nyanya. Nikamjibu kwamba hilo ni swali la soko, na sisi tangu ujana tulikuwa tukibishana juu ya chuma.