Nukta Iliyoitwa Marekebisho

Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kwamba nukta ni mahali pa kupumzika. Sasa mshikaji wangu mmoja, fundi kompyuta hapa Ilomba, kanionyesha nukta iliyowekwa ili uzio usijengwe, na tangu hapo sisomi mswada wa mtu kama zamani.

Kuna programu iitwayo xz, kazi yake kubana mafaili yachukue nafasi ndogo. Imo karibu katika kila mashine ya Linux. Ukituma pesa kwa simu kutoka hapa kwenda Makambako, yaelekea kabisa njiani zimepita kwenye mashine ya namna hiyo. Maandishi yake yako wazi. Yeyote aweza kuyasoma na kupeleka marekebisho. Kwa miaka mingi aliyeyatunza ni Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea, bila mshahara. Mwaka 2022 alisema wazi kwamba nguvu zimempungua na matatizo ya afya ya akili yanamsumbua muda mrefu. Watu wakazidi kumsukuma akabidhi kazi. Msaidizi alikuwapo tayari, jina lake Jia Tan, mchapakazi, mpole wa maneno. Mwenye jina hilo ni nani hasa, mpaka leo hajatajwa hadharani.

Tarehe 26 Februari 2024 Jia Tan akaingiza badiliko dogo katika maelekezo ya kujenga programu hiyo. Akaliita marekebisho ya kipimo cha Landlock. Hapa twende polepole.

Landlock ni uzio wa Linux: programu ikishajifungia ndani yake, hata ikitekwa haiwezi kugusa mafaili isiyoruhusiwa. Lakini si kila mashine inao. Basi wakati wa kujenga, kwanza hupimwa. Kijiprogramu cha mistari michache hupewa mashine ikitafsiri. Ikiweza, uzio unawekwa. Ikishindwa, uzio unaachwa na kazi inaendelea, bila ugomvi. Ni kama fundi umeme anayegusa waya na testa: taa ya testa isipowaka, anajua nyumba haina umeme, anafunga boksi lake anaondoka.

Na sababu aliyoitoa Jia Tan ilikuwa ya kweli, ndiyo uchungu wake. Kipimo cha zamani kilitazama tu kama faili fulani lipo. Faili laweza kuwapo na vitu vingine vinavyohitajika visiwepo. Kipimo kipya kilikuwa bora. Ila katikati ya mistari yake, peke yake kwenye mstari wake, ilikaa nukta. Lugha ya C haijui nukta ya namna hiyo. Kijiprogramu hakiwezi kutafsirika popote duniani, kwa hiyo kila mashine itajibu kwamba haina uzio. Hakuna kengele iliyolia, maana "hapana" lilikuwa jibu halali.

"Haya, mwandishi," jamaa akaniambia, "wewe ungeletewa hii uikague, ungeuliza nini?"

"Ningeuliza kama kipimo hiki kimewahi kusema ndiyo hata siku moja."

"Basi. Hilo tu."

Nadhani ndipo mkaguzi anapopimwa, na wala si kwa ukali wa macho. Sisi wenyewe tunapopeana miswada, mwenzio akikwambia "nimegusa herufi mbili tatu tu," nani anarudia ukurasa? Badiliko la kurasa kumi tunalikalia kikao kizima, tunagombana mpaka usiku. La mstari mmoja tunalipitisha tukiwa tumesimama, kikombe cha chai mkononi.

Tuseme haki lakini. Kipimo hicho kilikuwa cha njia moja tu ya kujenga xz, na waliosambaza Linux wengi walitumia nyingine. Sumu kubwa ilikuwa mahali pengine, katika vifurushi vya toleo 5.6.0 na 5.6.1, nayo ilipenyezwa kwa maelekezo ya ujenzi ambayo hayakuwamo kwenye maandishi ya wazi. Huyo aliyeigundua, Andres Freund, hakuwa anawinda wezi. Aliona tu kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa ssh kumechelewa kama nusu sekunde, akakataa kulala na hiyo nusu sekunde. Akatangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla sumu haijafika kwenye matoleo ambayo wengi wanayategemea kila siku.

Kesho yake Collin akarudi kazini na kuitoa nukta, siku 33 tangu iwekwe. Akaandika kwa ufupi kwamba kipimo kilihujumiwa. Mshikaji wangu alinifungulia marekebisho hayo: alama ya kutoa, kisha nukta, basi. Ile mistari mingine ya Jia Tan, ile ya kweli, Collin aliiacha palepale.