Barabara ya Embu hadi Meru, Darasa la Siasa za Marekani

Abiria anayepanda matatu mjini Embu kuelekea Meru hupita Runyenjes, akavuka Mto Thuci, akaingia Chuka na hatimaye Nkubu, Mlima Kenya ukiwa upande wake wa kushoto. Njiani ni kahawa, majani chai na migomba. Wageni wengi hufuata mlima. Lakini mwanafunzi anayetaka kuelewa Marekani inavyotawaliwa anaweza kujifunza mengi katika miji hii miwili.

Katiba tuliyoizindua Agosti 27, 2010 iliazima mengi kutoka Marekani: mawaziri wasio wabunge, magavana, na Seneti ya kulinda maeneo. Tofauti pia zipo. Majimbo 50 ya Marekani yana sheria, polisi na mahakama zake, ilhali kaunti zetu 47 hutegemea sana mgao wa fedha kutoka Nairobi.

Tuanze na Seneti. Katika hesabu ya watu ya 2019, Meru ilikuwa na zaidi ya watu milioni 1.5 na Embu kama 600,000. Hata hivyo kila kaunti huchagua seneta mmoja. Ndivyo ilivyo Marekani, ambako California yenye mamilioni ya watu na Wyoming isiyofikisha 600,000 zina maseneta wawili wawili. Nia ni kwamba mkubwa asimmeze mdogo.

Somo la pili ni namna ya kumwondoa kiongozi aliyechaguliwa. Hapo Embu ndiyo iliyotangulia. Mapema 2014, madiwani walimtimua Gavana Martin Wambora kwa madai ya kukiuka sheria katika ununuzi wa mbegu za mahindi na ukarabati wa uwanja wa michezo, na Seneti ikaunga mkono. Alikuwa gavana wa kwanza nchini kufikwa na hayo. Alienda mahakamani, akatimuliwa mara ya pili mwaka huo huo, lakini Mahakama ya Rufani ikampa ushindi Desemba 2015. Mwaka 2017 wapiga kura walimchagua tena, akahudumu hadi 2022.

Meru mambo yaliishia kwingine. Kawira Mwangaza, mgombea huru, alipata zaidi ya kura 200,000 mwaka 2022 na kumshinda gavana aliyekuwa kitini, Kiraitu Murungi. Kabla mwaka haujaisha, madiwani walikuwa wamemtimua. Seneti ilimwokoa Desemba 2022 na tena Novemba 2023. Mara ya tatu, Agosti 2024, haikumwokoa. Machi 2025 Mahakama Kuu ilikubaliana na Seneti, na naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa.

Sasa linganisha na Washington. Huko, Baraza la Wawakilishi humshtaki rais kwa wingi wa kawaida wa kura, kisha Seneti ikahitaji thuluthi mbili ili kumwondoa. Andrew Johnson alishtakiwa 1868, Bill Clinton 1998, na Donald Trump mara mbili, 2019 na 2021. Hakuna aliyepatikana na hatia. Kwetu mizani imegeuzwa: thuluthi mbili hudaiwa kwa madiwani, na Seneti huamua kwa wingi wa kawaida tu. Marekani ni rahisi kushtaki na vigumu kuondoa. Kwa gavana wa Kenya, akishafika Seneti, mlango wa kutokea u karibu. Tena, mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba haitaingilia jinsi Seneti inavyoendesha kesi kama hizo. Kwetu mahakama huingia, kama Wambora anavyojua.

Je, nani mwenye neno la mwisho? Wameru walikuwa na Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru, kabla ya sanduku la kura kufika. Wazee hao walijaribu kupatanisha gavana na madiwani, bila mafanikio. Pande zote zilikuwa na hoja: gavana alipewa kazi na wananchi, na madiwani walichaguliwa na wananchi hao hao katika wodi 45 kumchunga.

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Zikiwa kijani au zikikauka, mwenye shamba ni mpiga kura, nasi tuwafunze watoto wetu hivyo kabla hawajapata vitambulisho.