Kanjia, Mboka na Kichochoro

Sisi walimu wa Kibombo tunaandika kichochoro ubaoni, kwani ndivyo kamusi inavyotaka. Darasani wanafunzi wanakubali. Wakitoka inje wanasema kanjia, na zikiwa nyingi, tunjia. Hiyo ka- na tu- haikutoka pwani. Imo katika lugha za bara, kama vile Kiluba. Hatuoni sababu ya kuionea haya.

Kichochoro ni neno zuri mahali pake. Kule Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja nyumba za mawe zimekaribiana, watu wanapita kivulini kati ya kuta mbili. Kwetu kanjia hakana kuta: kanapita nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na mihogo, mpaka mtoni. Kwa Kitetela njia ni mboka. Msafiri wa Lingala akisikia hivyo anashangaa, maana kwake mboka ni kijiji.

Si mchezo wa maneno tu. Kanjia ni ka watu wote, hakuna wa kukafunga. Lakini parsele zikipimwa, kwenye karatasi inaandikwa avenyu peke yake, kanjia hakamo. Mtu anajenga ua, njia inakatika. Mama mwenye ndoo kichwani apite wapi? Na kitu kisicho na jina kwenye karatasi, nani atakitetea?

Basi, wapenzi wasomaji, tufundishe kichochoro, lakini kanjia na mboka tuziandike pia.